Siku Sista Alipozima Pasi

Kila Jumamosi jioni Sista alikwenda kanisani kuungama, na kila Jumamosi dhambi ilikuwa ile ile. Alikuwa akipiga magoti kwenye kitubio, akijifuta jasho la pasi shingoni, na kabla hajamaliza ishara ya msalaba sauti ya Paroko ilimfikia kutoka upande wa pili wa kimia, ule wavu unaomtenga padre na mwungamaji: "Hasira tena, Sista?"

"Tena, Padre."

"Safari hii na nani?"

Hapo ndipo mambo yalipokuwa marefu. Hasira na mwenye nyumba aliyemtupia mpangaji virago nje pamoja na mtoto mchanga. Hasira na askari aliyekamata wanawake baa akawaacha wateja wao wamalizie vinywaji. Hasira na kaka mtu aliyekataa kumpokea dada yake aliyetoka jela, eti atawaharibia jina, kana kwamba jina lao liliwahi kujulikana na mtu. Paroko, kijana ambaye Sista angeweza kumzaa, alimpa sala za toba na kumsihi ajitahidi. Sista alizisali zote, neno kwa neno. Akifika getini alikuta hasira inamsubiri pale pale alipoiacha, kama mbwa anayemjua mwenyewe.

Watu walimwita Sista Pasi. Alikuwa na dobi nyuma ya stendi, vyumba viwili na ua wenye kamba za kuanikia, na humo walifanya kazi wanawake ambao mji uliwatumia na kuwatema. Wengine walitoka jela, wengine baa, wengine walifukuzwa na waume waliochoka nao. Aliyebisha hodi hakuulizwa ametoka wapi. Alipewa chai, kisha pasi ya mkaa, na Sista akamwonyesha namna ya kuipuliza bila kujijaza majivu puani. "Habari za jana zitapoa zenyewe," aliwaambia. "Pasi ndiyo isipoe."

Yeye mwenyewe alizaliwa na mama dobi. Mama yake alifua nguo za watu maisha yake yote, na binti ndiye aliyembebea mafurushi. Kila nyumba waliyopeleka nguo ilikuwa na milango miwili. Shati liliingia kwa mlango wa mbele, mgongoni mwa mwenyewe. Aliyelifua akazunguka nyuma, kwenye mabanda ya kuku na mapipa ya taka. Mama mtu alikufa bila kujua sebule hata moja ya watu wale ilipakwa rangi gani. Siku moja binti alimwuliza kwa nini wanazunguka. "Mwanangu, mlango ni mlango," mama akajibu, akamtwisha furushi. Binti hakukubali, na hajakubali mpaka leo.

Alipoingia utawa walimpeleka kufundisha ushonaji kwenye shule ya bweni ya wasichana. Mwanafunzi wake mmoja akapata mimba. Aliyempa mimba alijulikana hata na paka wa jikoni: alikuwa mwalimu wa hesabu. Binti alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana, sanduku lake la bati kichwani. Mwalimu akahamishwa, huko alikohamia akapewa ukuu wa shule. Sista alisimama katika kikao cha walimu akauliza swali moja tu: "Huyu mtoto alijipa mimba mwenyewe?" Akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, halafu akapiga meza, na kikombe cha mkuu wa shule kikamwagika.

Walimwadhibu kwa kumpeleka kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya watawa. Ilikuwa kumwadhibu samaki kwa kumtupa majini. Alimtafuta yule binti kwa muda mrefu, kwa ndugu zake na kwa marafiki zake, asimpate. Hadi leo hajui alikoishia, na hilo ni moja ya mambo ambayo hajayasamehe. Wala mimi simlaumu.

Ndipo akaomba ruhusa ya kufungua dobi nyuma ya stendi. Mama Mkuu wa shirika alikubali haraka, kwa matumaini kwamba makelele yatahamia huko.

Dobi lilikuwa na kanuni moja ambayo mji mzima uliijua. Ilizaliwa siku mwanamke wa kwanza wa nyumba ile alipofariki. Mwili ulikuwa chumba cha ndani, bado wa moto, na wenzake wanalia, mteja akaingia. Akavua kofia, akatoa pole, kisha akashusha sauti kwa heshima na kuuliza, "Na lile shati langu la mistari, limeshakuwa tayari?" Mmoja wa akina mama, kwa mazoea ya kutii, alinyanyuka akaanza kulipiga pasi, machozi yakidondoka juu ya chuma na kuchemka. Sista alimtazama kwa kitambo. Halafu akachukua ndoo ya maji, akafungua pasi moja baada ya nyingine, akamwagia makaa mpaka chumba kikajaa mvuke. "Nyumba hii ikifiwa," akamwambia yule bwana, "pasi zinapoa mpaka tumzike mwenzetu. Shati lako lingoje. Halina haraka kuliko marehemu."

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Wateja walinung'unika, wakazoea.

Sasa, katika wanawake wote wale, aliyekuwa fundi wa kweli ni Kigoda. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mfupi, na asingeifikia meza ya pasi bila kupanda kigoda. Miaka ya nyuma alifanya kazi baa, na hakuficha kazi gani. "Nilikuwa nauza nilichokuwa nacho," alisema mtu akimchokonoa. "Ningekuwa na saruji ningeuza saruji." Kwake zilipelekwa nguo za altare: kitambaa kirefu cha mezani, vitambaa vidogo vya kufutia kikombe, na alba, ile kanzu nyeupe ya Padre ya kusalia Misa. Kitani alichokipitishia pasi Kigoda kilikaa wima kama karatasi mpya.

Kila Jumamosi alizipeleka mwenyewe, na alizipeleka kwa mlango wa nyuma. Hakuna sheria ya Kanisa iliyosema hivyo. Aliyesema ni Mama Mwenyekiti wa chama cha akina mama wa parokia, mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mwenye sare ya kukatwa vizuri na kauli laini. "Si kwa ubaya, ndugu yangu," alimwambia Kigoda, "ila watu wana macho." Na Jumapili moja Kigoda alipojaribu kukaa benchi la mbele, benchi zima lilihama, mmoja mmoja, kwa adabu, wakijifanya wanatafuta feni. Baada ya hapo alisali Misa akiwa amesimama karibu na mlango wa pembeni. Alilichekea jambo hilo. Sista hakulichekea. Alikwenda kuliungama, Paroko akamwambia amwombee Mama Mwenyekiti.

Kifua ndicho kilichomwondoa Kigoda. Alilala chumba cha ndani, na Paroko akaja, lazima nikiri kwamba alikuja, akamwungamisha, akampaka mafuta ya wagonjwa, akampa Ekaristi. Kigoda akamshukuru, akamwambia ukosi wa shati lake umepigwa pasi vibaya. Paroko alipoondoka alimwita Sista.

"Sista, nina ombi. Usinikatalie."

"Sema."

"Nikifa unipitishe mlango wa mbele. Nikiwa hai wamenishinda. Lakini nikiwa mzigo wa watu sita, watanizungusha nyuma kweli?"

"Utapita mbele," Sista akasema.

"Apa."

"Watawa hatuapi ovyo."

"Basi kasirika kidogo," Kigoda akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Nikiona umekasirika nitajua umekubali."

Alfajiri ya Alhamisi akafa.

Ilikuwa wiki mbaya ya kufa. Jumapili ile Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara, na parokia ilikuwa imekazana kufagia, kupaka chokaa na kuzozana. Magauni meupe ya wasichana wote, mashati ya wavulana, sare za chama cha akina mama, nguo za altare na alba mpya ya Paroko vilikuwa kwa Sista, vingine kwenye beseni za wanga, vingine kambani. Paroko alimpokea Sista ofisini. Mama Mwenyekiti alikuwepo, anapanga maua.

"Pole sana, Sista," Paroko akasema. "Nimewaza. Tutamfanyia ibada nzuri pale makaburini."

"Makaburini baada ya Misa."

"Makaburini tu. Kanisa limeshapambwa. Zulia limetandikwa kuanzia mlango mkubwa. Unaelewa, ni suala la muda tu."

"Padre, ulimpaka mafuta mwenyewe. Alikufa akiwa amepatana na Mungu, na aliyempatanisha ni wewe. Sheria gani inamzuia kuingia?"

"Si sheria, Sista. Ni busara."

"Busara ya nani?"

Paroko akatazama maua. Mama Mwenyekiti akaweka mkasi mezani. "Sista, na tuseme ukweli. Watoto wanajiandaa kumpokea Roho Mtakatifu. Wakiona jeneza la mtu wa aina ile linapita juu ya zulia la Askofu, watajifunza nini?"

"Watajifunza kuzika wafu. Ipo kwenye katekisimu yao. Angekuwa baba yako, zulia lingekunjwa au lisingekunjwa?"

"Usimlinganishe baba yangu na…"

"Na nani? Malizia, mama. Malizia mbele ya Padre."

Mama Mwenyekiti hakumalizia. Paroko naye hakusema neno, na kunyamaza kwake ndiko kulikomchoma Sista kuliko maneno yote ya yule mama. Mtu mpumbavu unaweza kumsamehe, hajui. Lakini kijana yule alijua. Alikuwa na ufunguo wa mlango mfukoni, na bado alikuwa anamtazama mke wa muuza saruji usoni kabla ya kukumbuka Injili inasemaje.

Sista alirudi dobi, akafika mezani, akafungua pasi ya kwanza na kumwaga maji. Kisha ya pili, kisha zote. Akina mama wakasimama wakimtazama huku mvuke ukimzunguka.

"Tumefiwa," akasema. "Pasi zinapoa mpaka tumzike mwenzetu. Na mwenzetu anazikwa kupitia mlango wa mbele, au hazikwi."

Mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Sauti, kwa sababu hakujua kunong'ona, alikuna kichwa. Alikuwa ametoka jela, tena ana watoto watatu wa kulisha. "Sista, tutakufuata. Lakini hawa ndio wateja wetu. Wakitukimbia tutakula hewa?"

Lilikuwa swali la haki, na Sista hakulipamba. "Huenda wakatukimbia," akasema. "Sitawalazimisha. Anayetaka kuwasha, awashe."

Hakuna aliyewasha. Bi Sauti akatazama meza, akatazama kigoda kilichobaki pale chini bila mwenyewe. Akakiokota, akakipeleka mlangoni, akakikalia, akakunja mikono. "Nani anakuja kuuliza shati?" akauliza, na stendi nzima ikamsikia.

Ijumaa walikuja. Walikuja wazazi wa watoto wa Kipaimara, akaja katibu wa parokia, akaja mwalimu wa kwaya. Mwanzoni hawakuamini. Wiki ya Askofu! Kanuni ni kanuni, lakini wiki ya Askofu! Kila mmoja aliambiwa vile vile: poleni, tumefiwa, anayetaka nguo zake mbichi achukue. Wachache walichukua, wakaondoka na beseni zinazochuruzika. Wengine walitazama magauni yaliyoloweshwa wanga, yamejikunja kama matambara ya jikoni, wakaona heri waende wakamlilie Paroko.

Mama Mkuu wa shirika naye alipiga simu. "Sista, nakuagiza kwa utii, washa pasi."

"Natii, Mama. Makaa yako tayari. Tukitoka makaburini tu nawasha."

"Na mnazika lini?"

"Paroko ndiye mwenye ufunguo. Muulize yeye."

Mchana akaja Mama Mwenyekiti mwenyewe, jua limemharibia poda. "Sista, hii si haki. Mnatukaba koo. Mzikeni basi leo hii!"

"Tuko tayari tangu jana. Tunangoja mlango."

"Kwa ajili ya mwanamke mmoja mnawaadhibu watoto wa watu?"

Hapo Sista alitoka ndani mpaka jua kali. "Mama, sare unazovaa alizipiga pasi yeye. Kitambaa cha msalaba unaoubusu Ijumaa Kuu alikipiga pasi yeye. Ulizipokea kazi zake miaka yote hiyo, yeye mwenyewe ukamwonyesha mlango wa nyuma. Leo amekufa na bado unamwonyesha! Nimekasirika, ndiyo. Nendeni mkamwambie Askofu kwamba nimekasirika. Mwambieni na sababu."

Mama Mwenyekiti aliondoka. Sababu hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi Paroko alikuja kwa miguu, peke yake. Alimkuta Kigoda ndani ya jeneza fupi lililowekwa juu ya meza ndefu ya pasi, pale pale alipofanyia kazi. Wenzake walikuwa wamemzunguka. Paroko akasali kimya. Kisha, bila kumtazama Sista, akasema, "Mleteni saa nne. Mlango mkubwa."

"Na kengele?"

"Na kengele." Akasita. "Alba yangu iko wapi?"

"Iko kambani, Padre. Imekauka vizuri. Ina mikunjo."

Akaichukua hivyo hivyo.

Mlango mkubwa ulifunguliwa mabawa yote mawili. Zulia jekundu hakuna aliyekumbuka kulikunja, au labda hakuna aliyethubutu. Akina mama sita walibeba jeneza, na walipofika kizingitini wakasimama, si kwa kuzuiwa na mtu, ila miguu yenyewe ilikataa. Miaka yote walikuwa hawajakanyaga pale. Bi Sauti, ambaye hakuwahi kumwogopa hata bwana jela, akainama kuvua viatu.

"Vaa," Sista akamwambia. "Hapa hakuna anayevua."

Akavaa, wakaingia. Madhabahuni palikuwa na kitambaa kimoja tu kilichonyooka, kile kirefu cha mezani, kwa sababu Kigoda alikimaliza kabla ya kuugua. Paroko alisimama mbele yake, alba imejikunja kama nguo ya mtu aliyelala nayo. Walioketi kwenye mabenchi walikuwa wachache, wengi wao akina mama wa dobi na baadhi ya wazazi, ambao sijui walifuata marehemu au magauni. Lakini kengele ililia mpaka stendi, na watu wakaulizana ni mkubwa gani amefariki.

Walipotoka makaburini waliwasha makaa. Walipiga pasi mchana kutwa bila kuongea sana, na hakuna mtoto aliyekosa gauni.

Jumapili kanisa lilijaa pomoni. Askofu, mzee mchangamfu asiyejua lolote, aliposimama kuhubiri alipitisha mkono juu ya kitambaa cha altare. "Nimezunguka parokia nyingi," akasema, "weupe kama huu sijauona. Akina mama wa parokia hii, simameni tuwapigie makofi."

Chama cha akina mama kikasimama. Mstari mzima wa sare, kola zimenyooka, na Mama Mwenyekiti katikati, akitabasamu na kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Huko nyuma kabisa Bi Sauti alinyanyuka nusu, watu wa benchi la mbele yake wakageuka kumtazama, akakaa tena. Makofi yalivuma. Sista alimtazama Paroko aliyekuwa amesimama mkono wa kuume wa Askofu. Ilitosha amnong'oneze Askofu sentensi moja. Paroko alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata Sista alikwenda kuungama kama kawaida. Akapiga magoti, akafuta shingo, akafanya ishara ya msalaba.

"Hasira tena, Sista?" Paroko akauliza, kwa sauti ya chini kuliko siku zote.

"Leo sikuja kuungama yangu, Padre. Yangu ninayo na nitaendelea nayo." Akasogeza uso karibu na kimia. "Nimekuja kuuliza hasira yako iko wapi."

Sista hakunyanyuka. Nje foleni ya waungamaji ilianza kukohoa, mtu akaburuta benchi, mtoto akaulizia maji. Sista alibaki amepiga magoti, akingoja ajibiwe.